Matanga ya Neno Moja

Ipo nchi moja ambayo siitaji jina, kwa sababu kuitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku ambazo ofisa wake hayupo. Itoshe kusema kwamba ni nchi njema. Ina bendera, ina wimbo, na ina mabomba ya maji kila mtaa. Maji ndiyo yalikuwa hayatoki, lakini mabomba yenyewe yalipakwa rangi ya bluu kila mwaka, na mgeni akipita aliweza kuona kwamba serikali inajali.

Katika nchi hiyo mambo madogo husemwa kwa Kiswahili. Mambo mazito husemwa kwa Kiingereza. Watu wakubwa wanakitumia kama koleo la jikoni: unashika kaa la moto, na mkono wako unabaki mzuri.

Siku moja watu wa mtaa wetu, mtaa wa Bondeni, walikwenda Uwanja wa Gwaride kuuliza habari za maji. Walikuwa mia moja themanini na saba. Hawakubeba silaha, walibeba ndoo. Walipoambiwa wasubiri, wakazigeuza ndoo zao, wakakaa juu yake. Kaka yangu Faki alikuwa mmoja wao. Mama alinituma nimpelekee mihogo ya kuchemsha, nami nikafika mpaka langoni na bakuli langu. Niliyoyaona pale langoni nitayasema yakifika mahali pake.

Kamanda wa uwanja alipoona watu wamekaa na hawaondoki, akampigia simu Mkuu wa Nchi kuuliza afanye nini. Mkuu wa Nchi alikuwa anakula samaki. Kwa kuogopa mwiba usimkwame, akajibu neno moja tu, tena la Kiingereza.

"Kliya," akasema, akakata simu, akaendelea na samaki wake.

Saa kumi alasiri uwanja ulikuwa mtupu. Na siku hiyo, nawaambia kweli, maji yalitoka. Magari ya zimamoto yaliunganishwa na mabomba yetu yale yale ya bluu, yakaosha uwanja wote na kuta zake mpaka urefu wa mtu. Redio ikatangaza kwamba shida ya maji Bondeni imekwisha.

Siku ya tatu kila nyumba iliyopeleka mtu uwanjani ililetewa kadi. Ya kwetu iliandikwa jina la kaka yangu, na chini yake neno moja: KLIYA. Hakuna lingine. Hata muhuri ulipigwa pembeni kabisa, kama uliona haya.

*

Kwetu mtu akifa, majirani huja na mikeka. Hukaa na wafiwa siku tatu, wanakunywa kahawa, wanalia, wanasengenya kidogo, kisha hupikwa chakula cha mwisho. Baada ya hapo mikeka hukung'utwa mlangoni na watu huondoka bila kuagana, maana kuagana msibani ni kuualika msiba mwingine. Huko ndiko kuanua matanga. Mpaka mikeka ikung'utwe, hakuna anayeoga vizuri, hakuna anayecheka kwa meno yote, na aliyekufa hajui aelekee wapi.

Mama yangu, Bi Sikujua, alitandika mikeka siku ile ile ya kadi. Lakini siku ya kuanua ilipofika, mjumbe wa mtaa, Mzee Shomari, akaja na karatasi ya serikali.

"Poleni wafiwa," akasema. "Au tuseme poleni bila wafiwa, maana hapo ndipo penye neno." Akavaa miwani. "Sheria mpya. Kadi haikusema mtu amekufa. Kwa hiyo haya ni matanga yaliyoanza bila maana. Matanga ya namna hiyo hayaanuliwi mpaka serikali itoe maana ya mwisho ya neno lililoandikwa kwenye kadi."

"Na sisi tuliokuja kuzika?" akauliza Bi Mwanamvua, jirani yetu. Alikuwa amekuja mara moja tu kutoa pole, na nyumbani kwake ameacha maharage jikoni.

"Kifungu cha tatu," akasema Mzee Shomari, "kila aliyekanyaga mkeka na kunywa kahawa ya matanga amesajiliwa. Haondoki wala haondolewi na mtu yeyote, raia au askari, mpaka maana itolewe."

Mama ni mtu wa adabu. Mgeni aliyesimama mkekani alikuwa ameshampa kahawa tangu kifungu cha kwanza, na Mzee Shomari alikuwa akisoma huku anakunywa. Alipofika mwisho wa kifungu cha tatu akatazama kikombe. Kilikuwa kitupu.

"Mzee wangu," akasema Bi Mwanamvua, "sogea hapa, nimekuwekea nafasi."

Mzee Shomari akatoa daftari lake, akajiandika mwenyewe namba arobaini na moja, akaketi.

Akaketi miaka tisa.

Msifikiri maisha yalisimama. Mwaka wa nne binti wa duka la mkaa aliolewa na fundi cherehani palepale mkekani, na vigelegele vilipigwa kwa sauti ya chini kwa heshima ya msiba. Wakapata mtoto ambaye mpaka leo anaamini kwamba dunia ina pindo la ukindu kila upande. Wazee wawili walikufa wakingoja. Tukawalilia bila kuhama mahali, ilikuwa msiba ndani ya msiba, kama sufuria ndani ya sufuria. Na kila adhuhuri Bi Mwanamvua alinusa upepo, akasema, "Maharage yangu yale. Sijui nilitia chumvi?"

Mimi matanga yalipoanza nilikuwa darasa la tano. Niliacha ili nichemshe kahawa.

*

Serikali haikukaa bure. Iliunda wizara nzima kwa ajili ya lile neno: Wizara ya Maana na Matumizi. Ikajengewa jumba la ghorofa sita, na kwa kuwa uwanja wa gwaride ulikuwa mtupu na umeshaoshwa, wakalijenga hapo hapo.

Kila nyumba yenye matanga iliruhusiwa kutoa mtu mmoja wa kutafuta riziki. Nilipofikisha umri, nyumba yetu ikanitoa mimi. Nikaenda kuomba kazi ya usafi wizarani. Mkurugenzi Mkuu wa Maana, Bwana Kilongola, aliniita mwenyewe ofisini. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kanzu iliyopigwa pasi.

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Darasa la tano, mheshimiwa."

"Kiingereza?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Unaongea sana?"

Nilikuwa natazama sakafu.

"Safi," akasema. "Anza leo."

Kazi yangu ilikuwa kupiga deki na kupeleka kadi za maana kutoka ghorofa ya sita, ambako wataalamu walikuwa wanazitafuta, mpaka dirishani, ambako Bwana Pazi alizigawa kwa wananchi. Maana zilikuwa nyingi, na kila mwaka ziliongezeka. Kwa nyumba moja, kliya ilikuwa anga lisilo na wingu. Kwa nyumba ya pili, ilikuwa maji yaliyochujwa. Mwingine aliambiwa ni mtu aliyeruhusiwa kupita mpakani, mwingine ni shamba lililofyekwa magugu, mwingine ni supu isiyo na kitu ndani. Kila maana ilidumu miezi sita, kisha ulirudi kuchukua nyingine.

Na kila maana ilikuja na matumizi yake, kama dawa. Familia zilizopewa mtu aliyeruhusiwa kupita zililazimika kuacha mlango wazi miezi sita. Waliopewa anga walitakiwa kutazama juu robo saa kila asubuhi. Kabla ya kuondoka dirishani, mfiwa alitakiwa kutunga sentensi moja yenye lile neno, kuonyesha kwamba ameelewa.

"Haya mama, sentensi," Bwana Pazi husema.

"Mume wangu ni kliya kama supu."

"Vizuri sana. Anayefuata!"

Mama yangu alipewa maana kumi na saba katika miaka hiyo, na nyingi nilimpelekea mimi. Alizisikiliza, akauliza swali lile lile moja.

"Ndiyo ya mwisho hiyo?"

"Bado, mama."

"Haya. Chemsha kahawa."

Mwaka wa tisa alianza kukohoa, na kikohozi kikamla sauti. Akabaki ananong'ona. Jioni moja alinivuta karibu akaniambia, "Tunu, mimi sitaki kujua mengi. Nataka kukung'uta ule mkeka kwa mkono wangu. Nikifa umetandikwa, tutakuwa wawili tusiojua pa kwenda, mimi na Faki."

*

Sasa niseme la nyayo.

Kila asubuhi nilipofungua mlango wa wizara, nilikuta sakafu ina alama za miguu pekupeku, mbichi, zimetoka kwenye kuta kuelekea dirishani. Nilizipiga deki, nikadhani ni mafundi wa bomba. Lakini mabomba hayakuwa na mafundi. Yalikuwa na tabia yake: mji mzima hauna maji, lakini pale wizarani kila siku saa kumi alasiri mabomba yote yalifunguka yenyewe, yakamwaga dakika chache, yakafunga. Bwana Kilongola aliwaambia wageni kwamba ni mafanikio.

Baadaye zikaanza sauti. Bwana Pazi aliita namba ya foleni, hakuna aliyesimama, lakini kutoka benchi la nyuma mtu akajibu, "Nipo."

Bwana Pazi ni mtumishi wa miaka mingi, hakuwahi kumkatalia mtu mwenye namba. Akasukuma kadi chini ya kioo. Kadi ikalowa, ikaondoka.

"Sentensi?" akauliza, kwa mazoea tu.

Sauti ikasema, "Nilikuwa nimekaa."

Bwana Pazi akaandika: hakutumia neno. Akaita namba nyingine.

Mambo yalipozidi, wizara ikatoa waraka: Wasiokuwepo wapange foleni yao pekee, wasichanganyike na waliopo, na wajiepushe kulowesha mali ya umma. Wakatengewa benchi lao, na mimi nikaongezewa kazi ya kulifuta. Mtu huzoea. Nilifuta benchi lile kila saa kumi na nusu, na wakati mwingine kitambaa kilikuta mahali penye joto.

Siku moja nikiwa nimepiga magoti na deki, nikaona unyayo wa kushoto usio na kidole cha mwisho. Kaka yangu alijikata kidole hicho kwa jembe, mimi nikiwa mdogo, na mama alikizika nyuma ya jiko akisema kimetangulia kumshikia nafasi. Nilikaa nikautazama unyayo ule mpaka ukakauka. Sikuupiga deki. Sikumwambia mtu.

Ila kuanzia siku hiyo nilibeba mihogo miwili ya kuchemsha, nikaiacha pembeni mwa benchi. Sikuikuta tena.

*

Mwezi ule ule Bwana Kilongola aliitisha mkutano wa wafanyakazi wote.

"Ndugu zangu," akasema, "baada ya utafiti wa kina, na safari za mafunzo katika nchi kumi na moja ambako neno hili linaishi, tumefikia maana ya mia moja. Nayo ndiyo ya mwisho." Akanyamaza ili tupige makofi. Tukapiga. "Kliya maana yake ni kliya."

Makofi yakaongezeka. Mtaalamu mmoja wa ghorofa ya sita alilia.

"Itazinduliwa hapa wizarani mbele ya Mkuu wa Nchi, moja kwa moja redioni. Mfiwa mmoja ataitumia katika sentensi kwa niaba ya wote. Akishaitamka, matanga yote nchini yanaanuliwa, na suala hili halitaulizwa tena na mtu yeyote, katika kizazi hiki wala kijacho. Tumemchagua Bi Sikujua wa Bondeni."

Nilikwenda mbele, nikamnong'oneza kwamba mama hana sauti.

Akanitazama kama mtu aliyekumbuka kwamba ana kiti cha akiba stoo.

"Basi utasema wewe. Sauti yako ndogo, haitatuharibia kitu." Akanipa karatasi. Iliandikwa kwa herufi kubwa: KAKA YANGU FAKI NI KLIYA, NASI TUMERIDHIKA.

Nilipoileta nyumbani, mkeka mzima ulijikusanya kuisoma.

"Maneno saba tu?" akasema binti wa mkaa. "Miaka tisa, na dawa yake ni maneno saba? Sema, dada yangu! Mwanangu hajawahi kukanyaga mchanga."

"Tunajua wenyewe si kweli," akasema Mzee Shomari. "Ila mtu akiwa amekaa miaka tisa, magoti nayo yanataka kusikilizwa."

Bi Mwanamvua alinusa upepo.

Nilikwenda kwa mama, nikamsomea. Akanisikiliza akiwa amefumba macho.

"Nikisema hivi, utakung'uta mkeka wako kesho," nikamwambia.

"Na yeye?"

"Nani, mama?"

"Faki. Ukisema hivi, yeye ataelekea wapi?"

Mama akaugusa mkono wangu. "Wewe ndiye uliyekuwa langoni," akanong'ona. "Mimi nilikuwa nachemsha mihogo tu. Sikujua. Wewe fanya unavyoona."

*

Siku ya uzinduzi walipamba jukwaa kwa vitambaa. Mkuu wa Nchi alikaa katikati, amezeeka, akitafuna kitu kidogo kidogo. Kamanda wa siku ile alikaa kulia kwake, sasa ana nishani nne, na ya nne ina picha ya ndoo. Safu ya mbele walipangiwa mabalozi. Mabalozi hawakuja, kwa hiyo viti vyao vilibaki vitupu vikiwa na vitambaa vyeupe. Nyuma walisimama wafiwa wa mtaa wetu, wale mmoja mmoja walioruhusiwa kutoka.

Bwana Kilongola alihutubia kwa karibu saa mbili nzima. Alisema taifa lisilo na maana ni kama jogoo asiye na asubuhi. Alisema mengine pia. Kisha, saa kumi kasoro dakika chache, akaniita.

Mimi sijawahi kusimama mbele ya watu. Shuleni nilikuwa nikijua jibu nalimeza. Kipaza sauti kilikuwa kimeinuliwa kwa urefu wa Bwana Kilongola, nikalazimika kukitazama kama ndege anavyotazama kiota. Nikafungua karatasi.

Nikainamisha macho, kama kawaida yangu. Na pale juu ya mbao, mbele ya vidole vyangu, palikuwa na unyayo wa kushoto, mbichi, usio na kidole cha mwisho.

Nikaikunja karatasi.

"Kaka yangu Faki alipigwa risasi hapa," nikasema. "Alikuwa amekaa juu ya ndoo. Mimi nilikuwa langoni na mihogo yake. Wote walikuwa wamekaa. Waliuawa, na saa kumi wakaoshwa."

Sikupaza sauti. Kipaza sauti ndicho kilichopaza.

Nikaongeza jina lake, sijui kwa nini, kama mwalimu anavyoita mahudhurio.

"Faki bin Makame."

"Nipo," likajibiwa kutoka safu ya mabalozi. Na kitambaa cha kiti cha kwanza kikaanza kulowa.

Mama mmoja nyuma akaita jina la mumewe. "Nipo." Mwingine akaita watoto wake wawili. "Nipo." "Nipo." Wakawa wanaita kwa zamu, bila fujo, kama watu waliozoea foleni, na vitambaa vyeupe vikalowa kimoja baada ya kingine mpaka viti vikaisha, na sauti zikaanza kutoka ukutani. Bwana Kilongola alimpungia mkono fundi wa redio azime. Fundi akaonyesha kwa vidole kwamba amri ya kuzima huja kwa maandishi. Karatasi ilitafutwa. Wakati inatafutwa, majina yote mia moja themanini na saba yaliitwa, na nchi nzima ikayasikia.

Kisha mabomba yakafunguka.

Mkuu wa Nchi aliacha kutafuna. Akamgeukia Kamanda, akauliza kwa Kiswahili, mara yangu ya kwanza kumsikia akikitumia, "Hawa si uliniambia waliondoka?"

Kamanda alikuwa anatazama viatu vyake. Vilikuwa ndani ya maji.

*

Nilifika nyumbani nikakuta mkeka mzima umesimama. Redio ilikuwa katikati.

Mzee Shomari alikuwa ameshika daftari. "Sheria inasema mpaka maana itolewe," akasema, kwa sauti ya mahakama. "Mimi, mjumbe, nimeisikia ikitolewa redioni mbele ya Mkuu wa Nchi. Sikusikia ikipingwa. Kwa hiyo ndugu waombolezaji..." Akavua miwani, akaifuta kwa shati.

Mama alitoka nje akiwa ameshikiliwa. Akauinua mkeka wa kwanza, mkeka wa siku ile, akaukung'uta mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. Vumbi la miaka tisa lilitoka, na lilinuka kahawa. Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, kama inavyotakiwa. Mtoto wa binti wa mkaa alikanyaga mchanga, akalia. Bi Mwanamvua alitembea upesi kuliko wote.

Usiku huo nyumba ilikuwa kubwa. Mama alilala bila kukohoa.

Siku ya tatu kadi ikaja. Iliandikwa jina langu, Tunu binti Makame, na chini yake: KLIYA. Safari hii muhuri ulipigwa katikati. Ilikuja pamoja na waraka wa Bwana Kilongola: maana iliyotolewa jukwaani haikusajiliwa, imefutwa, maana mia za awali nazo zimefutwa ili kuepusha mkanganyiko, kuanzia leo neno halina maana yoyote mpaka itangazwe vinginevyo. Chini yake waliongeza kwamba Kamanda atakuja mwenyewe siku hiyo saa tisa kushughulikia kadi.

Mama aliishika ile kadi muda mrefu. Kisha akaenda ndani, akatoka na mkeka, akautandika.

"Mama, mimi sijafa," nikamwambia.

"Najua," akanong'ona. "Ndiyo maana nawahi. Chemsha kahawa."

Sijui nani aliwapa habari. Nilikuwa bado napuliza moto walipoanza kuingia. Mzee Shomari na daftari jipya. Fundi cherehani na mkewe, na mtoto ambaye alijilaza mkekani akaacha kulia. Wafiwa wa nyumba nyingine, watu ambao juzi tu walikuwa wamerudi makwao, walikuja kila mmoja na mkeka wake kwapani, wakatandika ukumbini, barazani, uani, mpaka barabarani. Kila aliyeketi alinywa, na kila aliyekunywa Mzee Shomari alimwandika. Mimi alinitanguliza, namba moja.

"Haondoki wala haondolewi," alikuwa akirudiarudia huku akiandika, "na mtu yeyote, raia au askari."

Wa mwisho kufika alikuwa Bi Mwanamvua, na sufuria kichwani.

"Vipi, shoga yangu, umeyakuta?" akaulizwa.

"Nimeyakuta. Yameungua kidogo." Akaitua sufuria. "Na chumvi sikutia."

Saa tisa Kamanda aliingia na askari wawili. Askari walibaki barabarani, hawakuona pa kukanyaga. Yeye akapita katikati ya watu na viatu vyake, mpaka mbele yangu.

"Wewe ndiye Tunu?"

Kabla sijajibu, mama alikuwa ameshasimama kando yake, mdogo, ameinua kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu kahawa, baba. Umetembea juani."

Kamanda ni mtu katili, lakini naye alilelewa. Mkono ulipokea wenyewe. Akanywa fundo moja, la heshima tu.

Mzee Shomari akalowesha ncha ya kalamu ulimini. "Jina kamili, mheshimiwa?"

Kamanda akatazama chini. Alikuwa juu ya mkeka. Akatazama kikombe. Akatazama askari wake barabarani, nao wakatazama juu, robo saa yao ya anga.

"Namba mia mbili na tatu," akasema Mzee Shomari. "Keti, bwana. Kusimama msibani si adabu."

Akaketi. Tulimsogezea nafasi, na kushoto kwake tukaacha uwazi mkubwa, mkeka mtupu mpaka ukutani. Aliuliza ni wa nani. Tulikunywa kahawa, tukanong'ona, mtoto akalala.

Saa kumi bomba la bluu la mtaani likafunguka.

Nyayo ziliingia kwa mlango wa mbele, taratibu, bila kusukumana. Zilipita kati ya watu, wakajikunja magoti kuzipisha. Mkeka ule mtupu ukaanza kulowa, kwanza kona ya ukutani, kisha ukaja, ukaja, mpaka begani kwa Kamanda. Nikauona wa kushoto, usio na kidole. Nikaweka mihogo miwili mbele yake.

Kamanda alikuwa ameushika ukingo wa mkeka kwa vidole vyote. Shati lake lilikuwa limelowa upande mmoja.

"Mama," akamwambia Bi Mwanamvua, kwa sauti ndogo kuliko yangu, "hawa watakaa mpaka lini?"

Bi Mwanamvua akampakulia.

"Mpaka maana itolewe, baba," akasema. "Kula maharage."